Sheria Huchimba Mkondo wa Ufundi

(Hotuba mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Wako watu wanaodhani kwamba ufundi mpya huzaliwa na akili ya fundi peke yake, na kwamba kazi ya Serikali ni kukaa kando na kungoja matokeo. Naomba tuipime dhana hiyo kwa mfano wa mafuta ya Norwe.

Mwaka 1969 kampuni ya Kimarekani ya Phillips iligundua mafuta mengi huko Ekofisk, katika Bahari ya Kaskazini. Wanorwe walikuwa mabaharia, wavuvi na waundaji wa meli. Utaalamu wa mafuta ulikuwa mikononi mwa wageni. Mwaka 1971 Bunge lao lilikubali misingi kumi ya kuongoza shughuli hiyo. Mmojawapo ulikataa gesi itokayo pamoja na mafuta ichomwe ovyo, isipokuwa kwa muda mfupi wa majaribio. Kuichoma ndiyo iliyokuwa njia rahisi. Njia hiyo ilipofungwa, wahandisi hawakuwa na budi kutafuta nyingine: gesi ikarudishwa ardhini, na mwaka 1977 bomba lililolazwa chini ya bahari likaanza kuipeleka Emden, Ujerumani Magharibi.

Mwaka 1979 ikafuata hatua ya elimu. Katika kugawa leseni, Serikali ilianza kuzipa uzito kampuni zilizokubali kufanya utafiti pamoja na taasisi za Norwe. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Trondheim na Kjeller walisaidia kufumbua jinsi ya kupitisha mafuta, gesi na maji kwa pamoja katika bomba moja refu.

Mwaka 1991 ikaja kodi ya hewa ya ukaa. Gesi ya Sleipner ilikuwa na hewa hiyo kiasi cha asilimia 9, na wanunuzi walitaka isizidi asilimia 2.5. Ilibidi itenganishwe. Kuiachia angani sasa kulikuwa na gharama. Hivyo tangu mwaka 1996 ikashindiliwa katika mwamba wa mchanga, mita zipatazo 1,000 chini, karibu tani milioni moja kwa mwaka katika miaka ya mwanzo. Sheria haikumwamuru mhandisi achimbe wapi. Iliweka bei ya uchafuzi, naye akapiga hesabu.

Ndugu zangu, tusisifu kupita kiasi. Kodi hiyo iligusa moshi wa mitamboni. Haikugusa moshi wa mafuta yaliyouzwa na kuchomwa ng'ambo, ambao ni mwingi zaidi. Hapo ndipo penye fundisho: sera huzaa kile inachokidai, wala haizai zaidi.

Sisi nasi tunayo gesi, tangu ile ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974. Maji hufuata mkondo, na mtaji hali kadhalika. Mtumishi anayeandika kanuni ndiye anayeuchimba mkondo huo; akiandika kwa ulegevu, fedha zitapita na ujuzi utaondoka na wenyewe. Lakini kanuni bila wataalamu ni karatasi tupu. Norwe ilidai utafiti kwa sababu ilikuwa na vyuo vya kuupokea. Kwa hiyo mwalimu wa hesabu na fizikia, hata aliye kijijini, ni mshiriki kamili wa sera ya mafuta. Tusimsahau tunapogawa fedha.