Kujifungua ndani ya maji au nchi kavu?

Maneno ya mkunga kwa akina mama wa Kibarani

 

Wengi mmeona kwenye simu mama akijifungua ndani ya maji, mkaniuliza kama ni salama.

Kwanza, tunazungumzia mimba isiyo na hatari: mtoto mmoja aliyetanguliza kichwa, miezi imetimia, mama hana presha, kisukari, upungufu wa damu wala kovu la upasuaji. Mwenye lolote kati ya hayo ajifungulie nchi kavu, hospitalini.

Kwa asiye na hatari, maji ya uvuguvugu hupunguza makali ya uchungu. Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2024 uliangalia akina mama zaidi ya 60,000 waliokaa majini wakati wa uchungu. Waliojifungulia humo hawakupata madhara zaidi, wao wala watoto wao, kuliko waliotoka kabla ya mtoto kuzaliwa. Madaktari wa uzazi wa Marekani, mwaka 2016, walishauri mtoto azaliwe nchi kavu kwa kuwa ushahidi ulikuwa haujatosha. Tena kitovu huweza kukatika mtoto akiinuliwa haraka, na damu inayomtoka mama ni vigumu kuikadiria majini.

Wenzetu hao wana kidimbwi kilichosafishwa kwa dawa, maji yanapimwa yasizidi nyuzi 37.5, na mkunga yuko papo hapo. Sisi maji tunanunua kwa mtungi, na ya kisima mara nyingi yana chumvi. Beseni la nyumbani si kidimbwi cha hospitali. Msijaribu, hata kama jirani atasema alimuona fulani.

Lakini nafuu ya maji isiwapite. Uchungu ukianza, oga maji ya uvuguvugu. Wekewa kitambaa cha moto kiunoni. Tembea, chuchumaa, lala ubavu. Kuzaa nchi kavu si lazima ulale chali. Mwambie mkunga unavyotaka.

Hudhurieni kliniki, mtunze kijitabu cha mama na mtoto, na mweke akiba ya tuktuk mapema. Ukivuja damu, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au mtoto akipunguza kucheza, usingoje kuche. Nenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara.

Sasa ulizeni.