Kuhamisha Masijala ya Ukoo: Mazungumzo Juu ya Diski Kuukuu na Diski Mpya

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Thamesmead, London)



Kamati imenitaka nieleze, kwa lugha itakayofahamika hata kwa wasioshughulika na kompyuta, namna kumbukumbu za ukoo wetu zilivyotolewa katika diski ya zamani ya kompyuta iliyopo nyumbani hapa Thamesmead zikatiwa katika diski mpya, na kwa nini kazi hiyo haikuweza kungoja. Nimekubali kwa furaha, na kwa sharti moja tu, kwamba wajukuu wanaoyajua mambo haya kunishinda wasinikatize mpaka nimalize.

Haikuweza kungoja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma zake za kawaida kwa Windows 10, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha kompyuta ile; na Windows 11 haikukubali kuingia humo, kwa kuwa mashine haina kile kijisehemu cha usalama kinachotakiwa, kiitwacho TPM 2.0. Hiyo peke yake isingetutisha sana. Sababu ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi: diski yenyewe ilikuwa imeanza kugonga, tak, tak, tak, kisha ikanyamaza, kisha ikaendelea. Diski ikianza kugonga hivyo, inaaga.

Niseme kidogo kitu hiki ni nini. Ndani ya kile kisanduku cha chuma mna visahani vilivyopakwa sumaku, vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba ulio na kichwa cha kusomea, unaoelea juu ya visahani hivyo pasipo kuvigusa, kwa umbali ulio mdogo mno kuliko unene wa unywele. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956: ilikuwa na visahani 50, kila kimoja kipenyo chake inchi 24, na yote kwa jumla ilichukua herufi milioni 5. Diski tuliyoinunua sisi si kubwa kuliko kitabu kidogo cha dua, nayo inachukua terabaiti 2, yaani herufi trilioni 2. Lakini ya 1956 na ya leo zina tabia moja. Hicho kichwa kikigusa kisahani, kilichoandikwa mahali hapo kimekwenda na maji.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hulikosea, nalo ni tofauti baina ya programu na data.

Wale mliofanya kazi serikalini mtakumbuka kwamba ofisa hakuwa ofisa kwa ajili ya meza yake. Alikuwa ofisa kwa barua yake ya uteuzi, kwa jalada lake katika masijala, na kwa jina lake katika orodha ya watumishi. Ukiibeba meza yake na kiti chake kutoka Tanga ukavifikisha Mwanza, hujamhamisha ofisa, umehamisha samani. Programu ya kompyuta ni vivyo hivyo. Unaposakinisha programu, baadhi ya vitu vyake huwekwa katika folda yake, vingine hutawanywa katika folda za Windows yenyewe, na habari zake huandikwa katika daftari kubwa la ndani ambalo waundaji wa Windows walilipa jina lile lile la ofisi tuliyoijua sisi: masijala. Mtu akiinakili folda ya programu peke yake akaitia katika diski mpya, programu itafika bila barua ya uhamisho. Itabishiwa hodi, isijibu.

Njia ya halali ni kuisakinisha upya katika makao yake mapya, kwa faili lake la kusakinishia na namba yake ya leseni. Kwa hiyo kabla ya kufungua hata skrubu moja, tulikaa na kalamu tukaorodhesha programu zote zilizokuwamo, na mbele ya kila moja tukauliza: leseni iko wapi, na je, bado tunaihitaji? Nyingi zilistaafishwa papo hapo. Zipo pia programu ndogo ndogo ambazo hazijiandikishi popote, nazo hufanya kazi katika folda yoyote utakayoziweka, mfano wa vibarua wa kutwa. Hizo hunakiliwa tu, zikaendelea.

Data ni habari nyingine. Picha, barua, sauti na maandishi ni mali yetu, hazina mwajiri, na huenda popote. Lakini hapa pana mtego, nao ulikaribia kuunasa mti wetu wa nasaba.

Mti ule uliandikwa kwa programu iliyonunuliwa miaka mingi nyuma, ambayo waundaji wake wameshaacha kuitengeneza. Faili lake halisomeki kwa programu nyingine. Maana yake ni kwamba majina ya vizazi saba vya watu wa Pangani, Tanga na Mombasa yalikuwa yamefungiwa ndani ya chumba ambacho ufunguo wake ni mtumishi mmoja tu, naye amezeeka. Tukaitaka programu hiyo, ingali hai katika diski ya zamani, itutolee nasaba yote kwa mtindo uitwao GEDCOM. Mtindo huo ulianzishwa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao tuwaitao Wamormoni, ambao wamejishughulisha sana na nasaba. Na uzuri wake ni kwamba ni maandishi matupu, ambayo mtu anaweza kuyafungua hata kwa programu duni kabisa akayasoma kwa macho yake.

Hata hivyo GEDCOM ilibuniwa na watu wenye majina ya kizungu, na jina la ukoo huitia baina ya vistari viwili vya mshazari. Sisi hatuna jina la ukoo la namna hiyo. Tuna bin na binti. Tuseme mtu ni Salim bin Hamad bin Juma. Mashine ikalishika neno la mwisho ikamwandika kuwa wa ukoo wa Juma. Mwanawe, Ali bin Salim bin Hamad, akaandikwa wa ukoo wa Hamad. Kwa hesabu hiyo baba na mwana walitoka katika koo mbili, na babu akatoka katika ya tatu! Kwa bahati njema uhusiano wa mtu na mtu haushikwi kwa majina bali kwa namba, hivyo mti haukukatika. Iliyovurugika ni fahirisi. Tuliyarudia majina yote, moja baada ya jingine, tukaandika jina kamili mahali pa jina la kwanza na kuacha nafasi ya ukoo wazi. Shangazi yetu, ambaye hajapata kuigusa kompyuta maishani mwake, ndiye aliyekuwa msahihishaji. Aliyasikiliza majina kwa simu kwa jioni nne, na mara mbili alitusimamisha akasema, huyo hakuwa mke wake, huyo alikuwa dada yake. Kisha tukachapisha yote kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi haihitaji umeme.

Kuhusu kunakili kwenyewe nitakuwa mwepesi. Neno la kushika ni kwamba kuhamisha faili ndani ya diski moja ni kubadili lebo tu, faili lenyewe halisogei. Lakini kuhamisha kutoka diski hadi diski ni kunakili, kisha kufuta la zamani. Katika diski inayougua usihamishe kamwe. Nakili, na la zamani uliache lilipo. Pia vijiti vingi vidogo vya USB vimepangwa kwa mtindo uitwao FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4, hata kama nafasi imebaki tele. Ndiyo maana ile video ya harusi ya Mombasa ilikataa kuingia katika kijiti, na vijana wakadhani kijiti ni kibovu.

Wapo watakaouliza: kwa nini msiinakili diski nzima kama ilivyo, programu na masijala na kila kitu? Naam, inawezekana. Zipo programu zinazofanya pacha wa diski, na kwa diski yenye afya hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Lakini yataka uangalifu mkubwa, kwani mashine itakuuliza ipi ni chanzo na ipi ni ya kupokea, na aghalabu huzionyesha zote mbili kwa majina yanayofanana. Ukizigeuza, itainakili kwa uaminifu diski tupu juu ya diski iliyojaa, wala haitakuwa na huruma. Ndugu yetu mmoja wa Muscat alipeleka kompyuta yake dukani ikatiwe diski mpya. Ilirudi ikiwa ya kasi, safi, na tupu. Diski ya zamani ilikuwa imekwisha kufutwa na kuuzwa. Picha za mazishi ya mzee wetu zilikuwamo humo. Basi kwa wote mlioko hapa: mkiipeleka kompyuta kwa fundi, ombeni diski ya zamani irudishwe mikononi mwenu, na mwende nayo nyumbani.

Jambo jingine la siku hizi. Kompyuta nyingi mpya za Windows huifunga diski kwa siri tangu siku ya kwanza, pengine mwenyewe asijue. Diski hiyo ikitolewa na kuunganishwa na kompyuta nyingine hudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo haifunguki kwa machozi wala kwa fedha. Ufunguo huo uandikeni, muuweke pamoja na hati ya nyumba na wasia. Nasema wasia kwa makusudi, Ndugu Mwenyekiti. Sisi wa rika langu hatuna budi kufikiri ni nani atakayeifungua kompyuta siku ambayo sisi hatupo.

Serikalini hatukukabidhiana ofisi kwa maneno. Anayetoka na anayeingia walihesabu majalada pamoja, wakatia sahihi. Nasi tulifanya hivyo. Diski ya zamani ilionyesha faili 11,384. Mpya ikaonyesha 11,381. Tatu hazikufika.

Mbili zilikuwa picha za bustani, na sidhani yupo atakayezililia. Ya tatu ni sauti: kaseti ya 17, upande wa pili, iliyorekodiwa Pangani mwaka 1987, ambamo marehemu Bibi anaeleza jinsi mama yake alivyovuka kutoka Unguja, na anataja majina ya waliokuwamo chomboni. Mahali sauti hiyo ilipoandikwa katika diski hapasomeki. Tulijaribu mara tatu, na kila mara diski iligonga ikakwama, tukaogopa kuiua kabisa. Tumeizima. Imo katika boksi lake, haijatupwa, na ipo kazi ya kitaalamu ya kuokoa data ambayo Kamati imeomba bei yake. Bei ni kubwa, nayo haina dhamana.

Kwa hiyo naweka tumaini langu mahali pengine. Marehemu Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tungo nyingi kwa mkono wake, na baadhi ya nakala hizo zimehifadhiwa hapa hapa London, katika maktaba ya SOAS. Lamu ina joto, chumvi na mchwa. Tungo hizo hazikutufikia kwa uimara wa karatasi, bali kwa kuwa alikuwapo mtu wa kukaa chini akazinakili, na nakala moja ikasafiri. Hata mji huu tulioketi unajua habari ya kuweka vitu mahali pema: nyumba za mwanzo za Thamesmead, zilizoanza kukaliwa mwaka 1968, zilijengwa bila vyumba vya kuishi chini kabisa, kwa kuwa hapa ni kinamasi na mafuriko ya 1953 yalikuwa hayajasahauliwa. Lakini nyumba ikiwa moja tu, hata ghorofani, moto unaweza kuifikia. Ndiyo maana tumenunua diski nne zinazofanana. Tumechagua zenye visahani, kwa kuwa zile zisizozunguka, ingawa ni za kasi zaidi, zikikaa miaka bila umeme huweza kupoteza zilichohifadhi.

Moja itabaki hapa. Ya pili inakwenda Tanga, ya tatu Muscat, ya nne Toronto. Kila mwaka, mwezi wa mkutano huu, atakayekuwa nayo aiwashe, ahesabu faili, na amwandikie Katibu idadi yake. Ziko juu ya meza ile karibu na sambusa; watakaozichukua wanione kabla ya chakula, kwani nitataka sahihi zao katika daftari, na chai isimwagikie chochote.

Na kuhusu kaseti ya 17: katika miaka ya 1990 zilitolewa nakala za kaseti hizo zikapelekwa kwa mkono Mombasa, Muscat na, nadhani, Dar es Salaam. Ni kaseti za dakika 90, zenye maandishi ya wino mwekundu. Tazameni katika makabati ya mama zenu, chini ya kanga, na katika madroo ya redio za zamani. Atakayeipata asiicheze, maana utepe wa miaka hiyo hukatika. Aifunge kwa kitambaa, ampe mtu anayesafiri aje nayo mkononi, na anipigie simu hata ikiwa ni usiku wa manane.