Uwani Kwanza: Kusanifu Nyumba Salama Inayomponya Mwanamke



Nyumba salama nyingi tunazozifahamu zilianza kama nyumba za kawaida. Zikazungushiwa ukuta, zikatiwa nondo madirishani, akaajiriwa mlinzi, basi. Mwanamke aliyekimbia kipigo usiku wa manane, mtoto mgongoni, anapokewa na geti la chuma.

Niliwahi kuitembelea moja kama hiyo. Mlango wa bafu ulikuwa na komeo upande wa nje tu. Fundi alilifunga hivyo mlango usipigwe na upepo, hakuwa na nia mbaya. Lakini mama aliyezoea kufungiwa chumbani na mumewe ataogaje humo kwa utulivu?

Tumezoea kudhani kwamba ulinzi ukiongezwa, faraja lazima ipungue. Nyumba za mawe za Lamu zinatuonyesha vinginevyo. Kwa nje ni ukuta mtupu. Mgeni anaketi dakani, kibaraza cha mlangoni, na hata mlango ukifunguliwa, njia inapinda kwenye tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, jicho lake lisifike ndani. Ukishapita hapo ndipo unapokuta kiwanda, ule ua ulio wazi juu, wenye jua na hewa. Najua kuta hizo hizo ziliwafungia wanawake wengi ndani, na silisemi hili kwa kuzisifu. Tuichukue ramani yao, ila ufunguo uwe mkononi mwa anayeishi humo.

Wazo la namna hii limejengwa Tel Aviv, katika nyumba salama ya Ada and Tamar De Sola, iliyosanifiwa na Amos Goldreich pamoja na Jacobs Yaniv Architects. Kwa nje imejifunga, katikati ina ua. Kila familia ina makazi yake madogo, na shule ya chekechea imetengwa na jengo lenyewe, ili mama ampeleke mwanawe asubuhi na kumfuata baadaye, kama mzazi mwingine yeyote. Hapo ndipo ninapoona tiba: mtu anarudishiwa siku ya kawaida.

Kwa sababu hiyo napendelea majiko madogo ya familia kuliko jiko moja kubwa la kupika kwa zamu. Mtoto aliyehama ghafla anahitaji kula uji uliopikwa na mama yake, kwa sukari anayoijua yeye.

Mti nao usihesabiwe kuwa pambo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala penye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Wale walikuwa wagonjwa wa upasuaji, lakini mwarobaini ukipandwa siku ya kuchimba msingi, tunapoteza nini?

Mengine ni madogo: mpira kwenye fremu ili mlango usijibamize, korido isiyo na kona ya giza, kitanda kilichowekwa mahali ambapo aliyelala anauona mlango.

Naomba kila ramani ya nyumba salama itakayopita mikononi mwetu isomwe kwanza na wanawake waliowahi kuishi katika nyumba hizo, nayo irekebishwe kabla msingi haujachimbwa.