Ng'ombe Akipotea Twapiga Mwano, Mtoto Je?

(Mawaidha kwa wazazi yaliyotolewa msikitini, mjini Bariadi)



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.), na kumtakia rehma na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), napenda leo tuzungumze jambo ambalo twaliona kila siku hata limekuwa kama si jambo tena. Nalo ni utoro wa watoto wetu mashuleni.

Ndugu zangu, baba zangu na mama zangu, sisi tunaoishi Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega ni watu wa pamba na mifugo. Twajua mambo yanavyokuwa ng'ombe akikosekana zizini jioni. Hakuna anayelala. Hupigwa mwano, majirani hutoka na tochi na fimbo, na nyayo hufuatwa hadi kijiji cha pili. Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipokithiri katika nchi ya Wasukuma, wananchi hawakungoja kuamrishwa. Waliunda sungusungu wao wenyewe. Sasa na tujiulize: mtoto akikosekana darasani siku tatu, ni nani anayempigia mwano?

Mwalimu huandika katika daftari la mahudhurio kwamba hayupo. Sisi nyumbani twanyamaza. Na mara nyingi twanyamaza kwa sababu ni sisi wenyewe tuliomzuia.

UTORO WA REJAREJA

Walimu hutofautisha utoro wa aina mbili. Upo utoro sugu, wa mtoto aliyekwisha kuiacha shule. Na upo utoro wa rejareja: leo yupo, kesho hayupo. Huu wa pili twauona mdogo, kumbe ndio mama wa ule wa kwanza.

Tupige hesabu. Mwaka wa masomo una siku zipatazo 194. Mtoto anayebakizwa nyumbani siku moja tu kila wiki, kwa kuwa ni siku ya gulio au ni zamu yake ya machungani, hupoteza karibu siku 39 kwa mwaka. Akifanya hivyo kwa miaka saba ya shule ya msingi, amepoteza siku 273. Huo ni zaidi ya mwaka mzima wa masomo. Hesabu hiyo haijaongeza siku za kuamia ndege mpungani, wala msimu wa kuchuma pamba.

Mimi ninayesema nanyi nimewahi kulikosea jambo hili. Nilikuwa nikimbakiza kijana wangu siku ya mnada anisaidie kuswaga ng'ombe. Nikijiambia: ni siku moja tu. Akirudi darasani akuta hesabu zimekwenda mbele, haelewi, anachekwa. Ikafika siku akawa anaondoka asubuhi na sare yake, kumbe anashinda mtoni na wenzake. Nilipogundua nilighadhibika, nikashika fimbo. Mama yake akaniuliza, "Baba, ni nani aliyemfundisha kwamba shule yaweza kungoja?" Sikuwa na jibu. Fimbo nikaiweka chini.

SHERIA INASEMAJE?

Wapo wazazi wanaodhani kwamba kumpeleka mtoto shule ni hiari ya baba. Sivyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, katika kifungu chake cha 35, imelazimisha kila mtoto aliyetimiza miaka 7 na ambaye hajafikia miaka 13 aandikishwe kuanza elimu ya msingi. Lakini haikuishia katika kuandikisha. Kifungu hicho hicho kimemtwika mzazi jukumu la kuhakikisha kwamba mtoto anahudhuria mfululizo hadi amalize. Kwa hiyo mwenye kusema, "Mimi nimeshamwandikisha, mengine ni ya walimu," ametekeleza nusu ya wajibu. Nusu iliyobaki inaweza kumfikisha mbele ya mtendaji wa kata, na hata mahakamani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeitaja elimu kuwa ni haki ya mtoto. Haikumkataza mtoto kazi zote. Imeruhusu kazi nyepesi kwa aliyefikisha miaka 14, kwa sharti kwamba kazi hiyo isimdhuru wala isimzuie kwenda shule. Basi kuchota maji na kusaidia zizini jioni ni malezi. Kumkabidhi mtoto wa miaka tisa kundi la ng'ombe saa za masomo ni jambo jingine.

Tena tufahamu kwamba muda wenyewe unaongezeka. Sera ya Elimu na Mafunzo iliyozinduliwa Februari 2025 imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Na tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za Serikali hadi kidato cha nne. Sare, madaftari na chakula bado ni juu yetu, lakini mtoto hapaswi kufukuzwa darasani kwa sababu baba yake hajatoa mchango. Ikitokea, mzazi na aende kuzungumza na mwalimu mkuu, asilifanye jambo hilo kuwa sababu ya kumbakiza mtoto nyumbani.

MADRASA SI KISINGIZIO

Wengine husema: mtoto wangu anasoma madrasa, inatosha. Hofu hii ina historia yake. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazee wetu wengi walichelea watoto wao kubadilishwa dini. Hatuwalaumu. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule hizo mikononi mwa Serikali. Sababu ile imeondoka, na sisi tungali tunaishi kwa hofu yake. Kisha twalalamika kwamba vijana wetu hawaonekani maofisini na vyuoni. Malalamiko hayo yana haki gani, ikiwa daftari la mahudhurio linatushuhudia dhidi yetu?

Na kuhusu mabinti, niseme wazi, maana jambo hili hupita mikononi mwetu sisi tunaofungisha ndoa. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari hukabiliwa na kifungo cha miaka 30, na anayemsaidia naye ametenda kosa. Na binti aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito, waraka wa Serikali wa Novemba 2021 umemfungulia mlango arudi darasani. Tusiwe sisi wa kuufunga.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila jioni tufungue daftari la mtoto. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwomba jirani amwangalizie tarehe. Tarehe zilizorukwa zitaeleza mtoto alikuwa wapi.

Pili, tukigundua utoro, tuulize kabla ya kupiga. Huenda shule iko mbali na mtoto huenda na njaa. Huenda anaogopa adhabu, au anaonewa njiani. Huenda binti hukaa nyumbani siku za hedhi kwa kukosa sitara. Kila sababu ina dawa yake, na fimbo si dawa ya njaa.

Tatu, tugawane kazi kwa zamu. Familia tatu au nne zenye mifugo michache zaweza kuunganisha kundi na kumlipa mchungaji mtu mzima. Wakati wa mavuno, watoto wasaidie Jumamosi na Jumapili.

Nne, maustadhi wa madrasa waulize kila mwisho wa wiki: nani hakwenda shule, na kwa nini? Majina hayo yafike kwa kamati ya msikiti, na wazee wawili waende nyumba hiyo kwa upole kabla mtendaji hajafika. Jirani asiye na uwezo wa kununua madaftari asaidiwe kimyakimya.

Ndugu zangu, dini yetu imetufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kwamba ataulizwa juu ya alichokichunga. Katika mkoa huu hakuna asiyefahamu maana ya kuchunga. Mchunga huhesabu kundi lake jioni, na akikosa mmoja halali. Leo usiku tukirudi majumbani, tuwahesabu watoto wetu namna hiyo hiyo. Aliyekosekana darasani wiki hii, tumpigie mwano.

Allah atuwafikishe. Wabillahi tawfiq.