Moto wa Petroli na Moto wa Betri



Usiku wa Oktoba 10, 2023, jengo la maegesho katika uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, liliwaka moto. Magari zaidi ya elfu moja yaliteketea. Moto ukiwa bado haujazimwa, mitandao ilikwisha kutoa hukumu: ni gari la umeme. Zimamoto walipochunguza walikuta moto umeanzia kwenye gari la dizeli. Kanusho, kama kawaida, halikuufikia umati ulioupokea uvumi.

Tuanze na hesabu. Nchini Uswidi, mwaka 2022, mamlaka ya dharura ilirekodi moto wa magari 23 ya umeme, katika nchi iliyokuwa na takriban magari 611,000 ya umeme na ya mseto. Magari ya petroli na dizeli, yapatayo milioni 4.4, huungua kiasi cha 3,400 kila mwaka. Yaani katika kila magari 100,000, ya umeme hayafiki manne. Ya mafuta yanazidi 70. Ni haki kukumbuka kwamba magari ya umeme mengi bado ni mapya, na gari kuukuu la aina yoyote lina mipira iliyochakaa na nyaya zilizochubuka. Pengo hilo huenda likapungua. Hata hivyo, sioni umri peke yake ukieleza tofauti kubwa namna hiyo.

Kwa nini basi tunaiogopa betri zaidi? Nadhani petroli tumeizoea. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka lililipuka na kuua watu zaidi ya 100. Tuliomboleza, tukazika, na kesho yake tukapanga foleni vituoni. Hatari tuliyokua nayo hatuihesabu tena kuwa hatari.

Lakini hofu ya betri si ya bure, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Petroli huwaka kwa nje: mvuke wake hukutana na cheche na hewa, na povu likiifunika, moto hufa. Betri ya lithiamu huungua kutoka ndani. Seli moja ikipata shoti au ikipondwa, hupata joto, joto huchochea kemikali, na kemikali huzalisha joto zaidi, hadi seli ya jirani nayo inashika. Gesi zinazotoka huwaka, na baadhi yake, kama haidrojeni floraidi, ni sumu. Seli zimefungiwa ndani ya kasha gumu, hivyo maji hupoza kwa nje bila kufika kwenye chanzo. Ndiyo maana zimamoto huhitaji maji mengi kwa muda mrefu, na gari lililozimwa linaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi, hata siku kadhaa. Betri za lithiamu zenye fosfeti ya chuma hustahimili joto zaidi kuliko zile zenye nikeli, ingawa nazo huungua.

Incheon, Korea Kusini, Agosti 2024, gari la umeme lililoegeshwa chini ya jengo la makazi liliwaka. Watu zaidi ya 20 walipelekwa hospitali kwa moshi. Mfumo wa kunyunyizia maji ulikuwepo, lakini mhudumu wa jengo aliuzima.

Kwetu, mabibi na mabwana, mtihani utaanzia kwenye magurudumu mawili na matatu. Jijini New York, mwaka 2023, moto wa betri za lithiamu, nyingi za baiskeli na skuta, uliua watu 18. Bodaboda za umeme tayari zinabadilisha betri vituoni Kigali na Nairobi, na betri duni haitangoja sheria zetu.

Kwa hiyo naziomba mamlaka zetu za viwango zipime betri kabla hazijaingia sokoni, na askari wa zimamoto wafundishwe moto huu mapema. Nanyi mnaomiliki pikipiki hizi: msichaji betri usiku mlangoni mwa chumba mnacholala, maana ikishika moto, mlango huo ndio njia yenu ya kutokea.