Taa ya Betri Ikiwaka Safarini

Leo tunazungumza na madereva wa Matwebe, Tukuyu na Rungwe yote.

Huku kwetu mvua na ukungu hutulazimu kuwasha taa na waipa hata mchana. Mzigo huo wote hubebwa na alteneta, kifaa kinachozalisha umeme wa gari na kuchaji betri. Ikishindwa, betri huisha chaji na gari huzima, pengine kwenye kona kali ukielekea Mbeya.

Taa nyekundu ya betri ikiwaka huku injini inaunguruma, usikimbilie kununua betri mpya. Zima gari, kagua mkanda wa alteneta: umelegea, umepasuka au umelowa? Kisha tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, visafishwe na vikazwe. Halafu fundi apime kwa mita. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa husoma takribani volti 12.6; injini ikiwashwa, 13.8 hadi 14.5. Volti zisipopanda, kasoro iko kwenye alteneta au nyaya zake.

Na tafadhali, usichomoe waya wa betri injini ikiunguruma eti unajaribu alteneta. Umeme huweza kupanda ghafla ukaunguza kompyuta ya gari. Dereva, kagua leo, abiria wako wafike salama.