TUSIMTENGE MGONJWA NA SINIA

(Mada iliyotolewa kwa waumini wa Kiboriloni, Moshi, baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Shaaban)

Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola Mlezi wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na swahaba zake. Amma baad.

Baba zangu, ndugu zangu, na mama zangu mlio nyuma ya pazia, Ramadhani imetukaribia. Ni desturi yetu kukumbushana nguzo na adabu za funga. Leo naomba idhini yenu nizungumzie jambo ambalo wanaume huliachia jikoni: sinia la futari.

Mama yangu mzazi ana maradhi ya sukari. Alipogundulika, sisi wanawe tulifanya tuliloliona ni wema: tukamtengea sufuria yake. Sisi tukafuturu kwa pilau, sambusa na kaimati. Yeye akapelekewa mchicha wa kuchemsha pembeni. Siku ya nne nilimkuta jikoni gizani, akila sambusa iliyokwisha poa. Akaniambia, "Mwanangu, sukari nimeizoea. Kula peke yangu ndiko kunakonishinda." Usiku ule sikupata usingizi.

Chakula cha Kiarabu ni kipi?

Wengi wetu tukisikia chakula cha Kiarabu huona biriani na pilau. Majina hayo asili yake ni Kiajemi. Ni vyakula halali na vitamu, lakini ni vya karamu, nasi tumevifanya vya kila magharibi. Miaka niliyosoma Khartoum sikuona nyumba ikifanya karamu kila siku. Tulikula ful, ambayo ni jamii ya maharage yaliyochemshwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi. Tulikula adesi, bamia, na saladi ya tango na nyanya.

Tukirejea kwenye Sunna, tunapata katika hadithi sahihi kwamba Mtume (SAW) alikula tango pamoja na tende, kama alivyosimulia Abdullah bin Ja'far (RA). Anas bin Malik (RA) amesimulia jinsi alivyomwona akifuatilia vipande vya boga pembezoni mwa chombo. Aliisifu siki kuwa ni kitoweo. Naye Mama Aisha (RA) aliwaagizia wagonjwa na wafiwa talbina, uji wa shayiri.

Wanazuoni wa mapishi nao hawakumsahau mgonjwa. Katika karne ya 10, Ibn Sayyar al-Warraq aliandika kitabu cha mapishi ya Baghdad. Ndani yake mna vyakula vya mboga bila nyama, vilivyotiwa viungo vifanane na vyakula vya wazima, ili mgonjwa naye aone ladha. Basi kumpa mgonjwa mboga zisizo na ladha si lazima, wala si uungwana.

Hesabu ya mafuta

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya wanga au ya sukari ina 4. Kijiko kikubwa cha mafuta kina takriban kalori 120. Anayemimina nusu lita katika sufuria ya pilau ametia zaidi ya kalori 4,000, zinazokaribia mahitaji ya watu wazima wawili kwa siku nzima, na mchele haujaingia. Allah ameturuhusu kula na kunywa, akatukataza israfu (Al-A'raf, aya ya 31). Israfu haiko kwenye fedha peke yake.

Sinia la watu wote

Vitu ninavyovitaja vinapatikana sokoni kwetu na katika maduka ya Moshi mjini.

Kwanza, supu ya adesi kwa watu sita. Kaanga kitunguu kwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti. Tia nyanya mbili, karoti mbili, kitunguu saumu, tangawizi na bizari nyembamba. Weka vikombe viwili vya adesi zilizooshwa, maji ya kutosha, na uchemshe kwa muda wa nusu saa. Ponda, tia chumvi kidogo, kamulia ndimu. Bakuli la mtu mmoja halifiki kalori 300, nalo linashibisha.

Pili, biringanya. Lichome juu ya jiko la mkaa mpaka lilainike, limenye, liponde pamoja na kitunguu saumu, ndimu na mtindi usiotiwa sukari. Waarabu wa Sham hutia ufuta uliosagwa. Mtindi ni mwepesi zaidi, na mlimani haukosekani.

Tatu, saladi ya tango, nyanya, kitunguu na giligilani, kwa ndimu au siki.

Nne, sambusa hatukuziacha. Zijaze mboga na nyama kidogo isiyo na mafuta, zipake mafuta kwa brashi, uzioke kwa moto wa juu na chini kama mnavyooka keki.

Ukikosa unga wa shayiri kwa uji, chukua ulezi, usitie sukari, na mgonjwa apewe bakuli dogo. Ulezi wetu huku mlimani wengine huupeleka kwenye mbege, na shayiri ya Magharibi ya Kilimanjaro imekuwa ikinunuliwa na viwanda vya bia. Neema hizi tuzirudishe kwenye sufuria.

Nasaha

Mwenye maradhi ya sukari asianze kufunga kabla ya kuonana na daktari wake kuhusu dawa na saa za kuzitumia. Tende nazo azile kwa hesabu, kwani zina sukari nyingi. Na sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kula mchana. Asione haya kuitumia.

Kwa sisi wazima, naomba mambo mawili. Kila nyumba ipime mafuta kwa kijiko, isimimine. Na futari ya msikitini ipikwe ambayo mgonjwa na mzima watanyoosha mikono pamoja. Mgeni akidhani tumekuwa mabakhili, tumweleze.

Ramadhani iliyofuata mama yangu alirudi kwenye sinia. Alionja supu, akasema imepungua ndimu. Tukaongeza.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atufikishe Ramadhani tukiwa salama. Wabillahi tawfiq.